Hamsini na Nne

Natengeneza redio Kibuye, kibanda cha tatu
ukitokea kwa wauza viatu vya mtumba.
Kwa hiyo Daktari Kweyu aliponieleza
kwamba kwenye moyo, kwenye ini, kwenye mafuta ya kiuno
kuna vipokezi visivyoonekana kwa macho,
vinangoja neno kutoka tezi za juu ya figo,
sikumsumbua kwa maswali. Nikatia sahihi.

Walitaka wazima: asiyevuta, asiyekunywa,
asiye na pumu, asiye na kisukari.
Nauli, chai, na elfu mbili kila Alhamisi.
Mama alicheka hadi akakohoa.
Siku hizi mtu mzima hulipwa kwa kulala?

Alhamisi ya kwanza, sijala tangu jana saa tatu usiku,
Sista Nereah alinidunga mikono yote miwili,
huku dawa iingie, huku damu itoke.
Dakika ya nane vidole vikaanza kucheza.
Ya kumi na tano moyo ulikuwa umeshafika Kondele, mbio,
na mimi nimelala chali, natazama feni.

Nilipekua akili kama apekuaye mifuko:
ninaogopa nini?
Nilimtafuta mwizi. Nilimtafuta mbwa.
Pazia. Feni. Nereah anachonga penseli.
Hofu ilikuwa imefika bila habari yake,
bahasha iliyofungwa vizuri, ndani hamna barua.

Na mwili, maskini, uliamini.
Ini likafungua ghala, likamwaga sukari
bila kuuliza nani ana njaa.
Mafuta yakatoka mafichoni, yakajaa njiani.
Kongosho likazinduka, likatuma insulini mbiombio,
na potasiamu ikaihama damu, ikajibanza misulini
kama vifaranga walioona kivuli cha kipanga.
Hayo niliyasoma baadaye kwenye karatasi,
kila namba na mshale wake:
juu, juu, juu, chini.
Jioni nilikula mandazi manne,
na waya mwembamba wa redio ya Mzee Osewe
ulinishinda kushika.

Alhamisi ya pili ilikuwa vidonge,
propranololi, viwili, na maji ya glasi.
Hii haileti neno, alisema Kweyu,
hii hukaa mlangoni, neno lisiingie.
Mafuta yakabaki kwao. Renini ya figo ikasinzia.
Vidole vikapoa kama nimeshika samaki wa barafu,
na moyo ukashuka ngazi:
sabini, sitini na mbili, hamsini na nne.

Saa tano simu ikalia. Apondi, dada yangu.
Nyando imevunja kingo usiku.
Maji yamefika madirishani.
Mama hatujamwona.

Nilisikia kila neno. Nilijua maana ya kila neno.
Nikageuka nikaitazama mashine.
Hamsini na nne.
Nikangoja.
Nikasema moyoni (na moyo wenyewe ndio huo):
kimbia basi, wewe!
Hamsini na tano.
Hamsini na nne.

Aliyezaliwa na yule mama ni nani,
mimi, au ule mdundo?
Machozi ndiyo hayakuwekewa bawabu.
Yalishuka polepole, kwenye uso uliotulia
kama uso wa mtu anayesubiri chenji.

Nereah aliuliza, maana fomu ilitaka aulize:
sifuri hadi kumi, una wasiwasi kiasi gani?
Kumi, nikasema.
Akaitazama mashine. Akanitazama mimi.
Akaandika kumi.

Alipatikana alasiri, upande wa Awasi,
shule ya msingi, darasa la nne,
amekaa dawatini na kuku wawili mapajani,
anateta na walimu kwamba chai haina sukari.
Nilipompata kwenye simu sikujua nianzie wapi.
Wamekulipa? akauliza.
Wamenilipa.
Basi njoo na kilo mbili, akasema,
na usikimbie, barabara ina matope.